Kikombe cha Wifi Mize

Wifi yangu Mize,

Asalaam aleikum. Makaburini nimeshafika kukutolea salamu, lakini nikikaa pale machozi yananishinda na maneno yote yanapotea. Sasa hitma yako ya arobaini imepita, na kuna jambo sitaki ulikose. Ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza, maji ya kisima bado matamu.

Unakumbuka walipotufungia pampu ya sola? Kisiwa chetu kizima cha Makoongwe kilifurahi. Tumezeeka na kamba na ndoo, mara maji yanapanda tangini yenyewe kwa jua la bure. Mafundi wakatuonya kuwa bahari iko karibu, tukikivuta kisima kupita kiasi chumvi itaingia, na ikishaingia haitoki upesi. Sote tuliitikia, wewe ndiye uliyeshika. Kila adhuhuri, jua linapowaka na pampu inavuta kwa nguvu zake zote, ulikinga kikombe chako cha bati ukaonja. Ukisikia chumvi, hata ya kudhania, unazima mpaka kesho yake. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani ukaenda kumuuliza shehe kama kuonja kunaharibu funga, akakwambia onja uteme. Basi ukawa unatema mbele za watu, na mimi nakutania kuwa wifi yangu yuko njiani kula mchana.

Siku zile zilikuwa mbaya. Uchaguzi umepita, watu hawaamkiani, hawazikani, mtu analiruka duka la jirani akanunue sukari kwa mwenzake wa chama. Kila ulipozima, wa upande ule wakasema unawazimia wao makusudi. Niliogopa, wifi. Niliona watakuja kuivunja pampu, turudi kwenye kamba.

Mpaka siku ile kaka yako, mume wangu, alipokuwa anachanganya saruji ya msingi wa nyumba yetu. Damu yako, chama chako, na saruji ishalowa nusu. Ukaonja, ukazima. Akaja amefura. Ukamwambia polepole: "Kaka, chumvi haijui tumempigia nani kura. Nisipokuzimia weye, n'tamzimia nani?"

Saruji ikaganda. Alikununia siku nyingi, lakini pale bombani neno la chama halikusikika tena, na wanawake wa pande mbili wakaanza kuulizana hali za watoto wakingojea ndoo zijae. Nilikuonea fahari mpaka nikakukumbatia mbele za watu, ukaniambia nisikuchafue, una udhu.

Ulipofariki, pande zote mbili zilikuzika. Kikombe nikakichukua mimi.

Sasa sikiliza ya hitma yako. Masufuria yako mekoni, mchele haujaoshwa, wageni wamevuka kutoka Mkoani. Adhuhuri nikaonja. Yalikuwa na chumvi, wifi, ile yako ya kudhania. Nikaonja tena, namwomba Mungu niwe nimekosea. Nikazima.

Wanawake wakanijia juu. Siku moja haiui kisima, wakasema, tena hitma ya mwenyewe. Nikakishika kikombe chako nikasimama mbele ya swichi ya pampu. Akaja kaka yako. Moyoni nikasema huyu anakuja kuwasha.

Akaniuliza, "Yana chumvi?"

Nikamwambia yana. Akaingia ndani, akatoka na kamba na ndoo ya zamani, akashika njia ya kisima cha kule juu, kilicho mbali na bahari. Wanaume wakamfuata, wa huku na wa kule, wakateka kwa mikono mpaka masufuria yakajaa. Pilau ilichelewa mpaka karibu na alasiri. Ililiwa yote.

Nakukumbuka sana, wifi yangu. Sijui mwingine mwenye moyo kama wako. Mungu akulaze pema. Kaka yako anakusalimu, na jana nimemkuta anakisugua kikombe chako kwa majivu.

Nakuahidi nitaonja kila adhuhuri, na Ramadhani nitatema kama wewe. Hata akija mwanangu na ndoo siku ya harusi yake, nitamzimia.

Wifi yako,
Raya