Kura ya Mama Furaha, Bellevue

Dada Rehema,

Shikamoo. Johannesburg ina baridi kavu. Jua linawaka lakini halipashi mtu joto. Jana nilialikwa mtaa wa Bellevue, kwenye ua wa mafundi cherehani Wakongo wanaoanzisha chama cha kusaidiana. Papa Kasongo, mwenyekiti wa muda, alisoma kifungu cha kwanza cha katiba yao: wanachama wote ni sawa. "Amerika ilianza na maneno hayo hayo," akasema, "leo dunia nzima inaiogopa!" Kifungu cha pili kikasema wapiga kura ni wanaume.

Mama Furaha, fundi wa magauni, alikuwa akikoroga sombe, kisamvu chao, kwa ajili ya mkutano mzima. Akasimamisha mwiko.

"Papa, na hao Waamerika, wanawake wao walipiga kura siku hiyo?"

"Hapana, mama. Walingoja zaidi ya miaka mia."

"Eish! Mimi nangoja sombe iive tu. Na sipakui kama sina kura."

Harufu ya mawese ilikuwa imeshatanda ua mzima. Wanaume wakatazamana, wakacheka, wakanyoosha mikono, na kifungu cha pili kikafutwa kwa vigelegele. Ukafuata uchaguzi wa mwenyekiti, Papa Kasongo naye akigombea. Kura yake ya kwanza maishani katika chama chochote, Mama Furaha aliipiga kumkataa Papa Kasongo, mbele ya macho yake. Kisha akampakulia yeye wa kwanza, sahani ikafurika.

Mungu akutunze, dada, nawe uwabusu watoto.

Mdogo wako,
Salum