Digrii Ishirini na Nne za Joy

Studio ya Peris,
Tuwan, Kitale.
Jumapili, 6 Juni 2004.

Kwa kaka yangu mpendwa Jairus,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Natumai barua hii itakukuta wewe, shemeji Phelista na watoto mkiwa wazima huko Tongaren, na mahindi yenu yamefika magotini kama ya huku. Mimi mwili ni mzima, hata kile kifua cha Aprili kimepona. Moyo ndio umekataa kutulia. Barua hii nampa Kimaiyo, yule mkulima wa Endebess ninayeipiga picha familia yake kila Krismasi. Anakuja upande wenu kesho kuchukua ng'ombe, kwa hiyo utaipata kabla ya Ijumaa. Tafadhali isome mpaka mwisho hata kama utakasirika katikati.

Barua yako ya wiki jana niliipata. Umenisifu mpaka nikaona haya. Umesema picha yangu ya nyota imetiwa fremu, na kwamba wanafunzi wako watasimama nayo Ijumaa kwenye mashindano ya sayansi mjini Bungoma. Kabla sijasema lolote kuhusu hilo, wacha nikutolee yaliyonikaa rohoni tangu Januari.

Wewe uliniagiza picha ya nyota kama mtu anavyoagiza chapati mbili na chai. Uliandika ati ni kazi ndogo, nielekeze kamera juu na kuiacha wazi kwa muda wa saa moja, nazo nyota zitachora mistari zenyewe kwa sababu dunia inazunguka. Wanafunzi wangepima mistari hiyo, wapate dunia inazunguka kwa kasi gani. Hukuniambia mistari itakuwa mirefu kiasi gani, nami sikuuliza. Nilidhani kazi yangu ni picha na hesabu ni zenu.

Filimu ya kwanza niliipiga uani hapa Tuwan, kamera ikiwa juu ya stuli. Taa za mji ziliimaliza. Anga lote lilitoka rangi ya chungwa, nyota hata moja haikuonekana. Ya pili nikaenda kuipigia shambani kwa Kimaiyo, mlimani, ambako giza ni giza kweli. Huko kamera yangu mpya ikanitia aibu, kwa kuwa inahitaji betri ili ikae wazi, na kwa baridi ile betri ilikufa dakika ya ishirini. Nilirudi nyumbani nimekunywa chai ya watu bure.

Mara ya tatu nilibeba kamera ya zamani ya marehemu baba, isiyojua betri ni nini. Nilitafuta ule waya wa kufyatulia ili kidole changu kisiitikise, na nikachagua usiku usio na mwezi. Picha mbili za mwanzo ziliharibiwa na umande ulioganda kwenye lenzi. Chepkorir, mke wa Kimaiyo, aliponiona nikifutafuta akacheka, akaniletea soksi iliyojaa majivu ya moto, akaniambia niifunge chini ya lenzi kama anavyofungwa mtoto mwenye kikohozi. Umande haukurudi tena. Nilipiga nne, kila moja kwa muda wa saa moja, na nilijua zimekubali. Kaka, nilifurahi usiku ule kuliko siku niliyofungua studio.

Nikaipeleka filimu kwa jamaa wa kusafisha picha mjini. Yeye amezoea harusi na mazishi. Aliiona kama filimu tupu, akaniambia, "Sister, filimu yako imeungua bana, hapa hakuna kitu." Picha hakutoa hata moja. Filimu yenyewe alikuwa ameshaikata vipande vipande, kwa kukisia, maana hakuona picha moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Mkasi ulipita katikati ya zote nne. Ningemlaumu, lakini kosa ni langu. Miaka kumi na miwili kwenye kazi hii na nilisahau kupiga picha ya kwanza mchana, hata ya kuku tu, ili ajue pa kuanzia kuhesabu. Nililia mbele ya wateja wake.

Baada ya hapo mvua zikaingia, na tangu Machi usiku wa huku ni mawingu tu. Wewe ukaendelea kuniandikia. Barua yako ya tatu ilisema kwamba kama kazi imenishinda niseme mapema, utafute mwanamume mzoefu wa Eldoret. Sentensi hiyo naijua kwa moyo. Ilinichoma, Jairus, na bado inanichoma. Siku nane baadaye nilikutumia picha, na nyuma yake nikaandika kwa mkono wangu kwamba ni nyota za kusini, zilizopigwa kwenye mlima Elgon kwa muda wa saa moja kamili.

Sasa nirudi kwenye hiyo barua yako ya wiki jana. Umenisimulia kama kichekesho habari za huyo msichana wa kidato cha tatu, Joy. Umesema wenzake wote waliandika kwamba nyota zimesogea digrii kumi na tano, kama vitabu vinavyosema, na yeye peke yake akaandika ishirini na nne. Kwa hesabu yake siku nzima ingekuwa ya saa kumi na tano, na darasa likamcheka. Ulimwambia apime tena, akapima mara tatu mbele yako, na kila mara ikawa ishirini na nne. Ulipomwamuru abadilishe jibu alikataa, akasema hawezi kuandika asichokiona. Ukamwondoa kwenye kikundi kwa ukaidi, ukamweka Ian mahali pake.

Niliisoma sehemu hiyo nimesimama, kisha nikaisoma tena.

Kaka, ile picha si ya nyota. Nilichukua karatasi nyeusi ya manila nikaitoboa kwa sindano, nikaibandika kwenye gurudumu la baiskeli yangu iliyopinduliwa, nikaweka taa nyuma yake. Nilifunga milango ya studio, nikaacha kamera wazi na kuligeuza gurudumu polepole kwa mkono mpaka macho yangu yakaridhika. Sikupima. Nilidanganya kwa sababu nilishindwa, na sikutaka wewe ujue nimeshindwa.

Naomba unisamehe, lakini kuna jambo na wewe ulitazame. Darasa zima liliandika kumi na tano kutoka kwa picha isiyo na kumi na tano popote, nawe ukawapa vema. Mrudishe huyo msichana kwenye kikundi. Picha aende nayo Bungoma yeye, aeleze alivyoikamata kwa protrakta. Nitakuja Alhamisi nisimame mbele ya darasa lako niseme niliyoyafanya, na Ijumaa nitasimama kando yake mbele ya hao wa Bungoma pia. Najua habari zitafika Kitale kabla yangu, na wapo watakaoacha kuja kwangu na harusi zao. Nimelikubali hilo. Ukiona aibu kwa ajili yangu, nitazungumza mimi mwenyewe na mkuu wa shule.

Nisalimie shemeji Phelista na watoto. Ukipita Misikhu mpe mama salamu zangu, na haya mengine mwachie nimwambie mwenyewe. Salamu za mwisho ni za Joy, na umfikishie asubuhi ya kwanza ukishaisoma barua hii, mbele ya wale waliomcheka. Mwambie hakukosea. Alipewa gurudumu la baiskeli akaambiwa ni mbingu, na alilipima sawasawa.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Peris