Ule Mguu Wako, Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, na ule mguu wako umekupa likizo kidogo. Huku sote hatujambo. Mkwe wako anakuamkia, na wajukuu wanakua mpaka viatu havidumu mwezi.

Ningekuandikia mapema, ila juzijuzi nilikiona cha mtema kuni. Nilikuwa napanga vigae bafuni kwa mteja, nimepiga magoti kama kawaida, kidole gumba cha mguu kikaanza kuwaka. Kufika asubuhi kilikuwa chekundu, kimevimba, hata shuka likikigusa napiga kelele. Nikajua basi, mguu unakatwa na kazi imekwisha.

Mafundi wenzangu wakacheka, wakasema ni gauti, ugonjwa wa walevi, kumbe nakunywa kwa siri. Mimi, Baba, ambaye harufu tu ya pombe inanichefua! Nyumbani nikamkuta mke wangu ananusa kikombe changu cha chai.

Daktari alinipima damu, kisha akauliza nani mwingine katika ukoo ana mguu kama huo. Nikakutaja wewe, na babu, aliyeanza kutembelea fimbo hata hajafika hamsini. Akasema sasa anaelewa. Pombe na nyama zinaweza kuuamsha ugonjwa huu, lakini wapo watu waliozaliwa na figo zisizotoa vizuri ile asidi inayojikusanya kwenye viungo, na hali hiyo hurithiwa. Mtu anaweza asionje pombe maisha yake yote na bado akaugua. Na mguu haukatwi: ni kidonge kila siku, na maji mengi. Nilitoka pale nachechemea, nacheka peke yangu barabarani.

Kicheko kilinikatika nilipofika mlangoni. Wewe uliapa miaka yote ile kwamba hunywi, nami sikukuamini. Mwaka ule ulipolala na mguu wiki mbili, msimamizi wa ujenzi alinisimamisha njiani akauliza mbona fundi wake wa lipu haonekani. Nikamjibu kwamba unalewa. Akakufukuza kazi. Uliponiuliza nani kapeleka maneno, nikamsingizia jirani yetu fundi bomba, mwenzako wa karata, na tangu siku ile hujamwitikia salamu. Miaka kumi na tisa.

Hakuwa yeye, Baba. Ni mimi. Nisamehe. Nimelibeba jambo hili mpaka limenichosha, na kwa kuliandika tu nimeshusha pumzi.

Daktari anataka akuone na wewe. Nakuja Jumamosi kukuchukua, na hasira zako zote utanimwagia njiani, sitajitetea. Ila leo, ukimaliza kusoma, vuka ua ukambishie hodi fundi bomba. Ukitaka, msomee hata barua hii yote.

Nisalimie wote hapo, ukianza na yeye.

Mwanao,
Kipimo