Nyuma ya Shuka la Bluu: Mwaka Mmoja Bila Luhaga Dastan, Mpiga Picha wa Watoto, Bariadi

Mwaka umetimia, Baba Flora, tangu mchana ule uliposema unajinyoosha kidogo mkekani kabla ya mteja wa saa nane. Mteja wa saa nane alifika akatukuta tumejaa mlangoni tunalia. Mtoto wake alikuwa amepakwa poda mpaka kwenye kope. Akatutazama, naye akaanza kulia, na wewe hukuwepo wa kumnyamazisha. Hapo ndipo tulipojua kwamba umeondoka kweli, maana hakuna mtoto aliyewahi kumaliza dakika mbili akilia ndani ya chumba kile.

Sasa tulia hukohuko uliko. Mwaka huu tuna habari, na habari yenyewe imetufanya tutembee mtaa mzima wa Somanda tukicheka peke yetu kama watu waliorogwa. Ila hatukuambii sasa hivi. Ulizoea kuwaambia watu "picha kesho" na kesho yenyewe ikawa wiki. Leo na wewe subiri kidogo uone utamu wake.

Uliwapiga picha watoto tu, hilo kila mtu alilijua. Mzee mzima akija na koti lake la harusi ulimwelekeza kwa wenzako barabarani: "Mimi mwisho wangu miaka saba, mzee wangu. Baada ya hapo watu huanza kujipanga." Hukuajiriwa na mtu na hukumwajiri mtu. Pamba ilikutupa misimu miwili mfululizo, kamera ya kwanza ikaibiwa stendi ukiwa umeishika mkononi (mpaka leo hujatueleza vizuri ilikuwaje), na simu zilipoingia kila mtu akakupa pole kana kwamba umefiwa. Ukasema, "Simu inapiga uso. Kicheko nani atakitoa?" Ukaendelea kufagia chumba chako.

Chumba chenyewe kilikuwa saluni zamani. Kioo kikubwa kilijengewa ukutani kwa saruji, na mwenye nyumba alikataa kisibanduliwe. Ukakifanyia ujanja. Ulifunga waya juu yake, ukatundika shuka la bluu, na mbele yake ukaweka kigoda. Mtoto asiyejua kukaa peke yake alishikwa na mama yake, na mama ukamfunika kwa shuka hilohilo, kuanzia kwenye waya mpaka kwenye vidole vya miguu. Picha ikitoka, mtu anaona mtoto ameketi kwenye wingu la bluu kama mfalme. Ukichungulia sana ndipo unaona vidole viwili chini ya kwapa.

Wala kamera hukuiweka usoni. Uliibana kifuani, uso ukauacha wazi, kwa sababu ulisema mtoto hawezi kumchekea mtu asiye na kichwa. Huo uso uliufanyia mambo ambayo mkeo Felisita alikukataza kuyafanya mbele ya wakwe.

Na majina, Baba Flora! Picha zako hukuziandika kwa jina la mtoto. Uliziandika kwa kilichomchekesha. Chafya. Kanga anakohoa. Mzee kakalia mwiba. Kandambili imepotea. Felisita alikugombeza miaka yote ya ndoa.

"Andika majina ya watu! Siku moja utampa mtu mtoto wa mwenzake."

"Jina wanabadilisha wakibatizwa, Mama Flora. Kicheko ni kilekile."

Na siku hiyo ilifika. Familia moja ya Kalemela ilipewa Chafya ambaye si Chafya wao, wakamtundika ukutani miezi mitatu. Walisema mtoto amenenepa, wanamshukuru Mungu. Aliyegundua ni mtoto mwenyewe. Alilia akauliza huyu nani kavaa shati langu. Ulipeleka picha sahihi kwa pikipiki, ukarudi na kuku wawili na samaki. Wewe tu ndiye ungeweza kukosea ukapewa kuku.

Sasa tuje kwenye aibu yetu. Siku ya kukuzika tulitafuta picha yako ya kuweka juu ya jeneza. Tulipekua kabati, sanduku, chini ya godoro. Mtu aliyepiga picha nusu ya watoto wa Bariadi hakuwa na picha hata moja ya kwake, isipokuwa ile ya kitambulisho, ambayo umekunja uso kama mtu aliyekamatwa na mbuzi wa jirani. Tukaikuza hiyohiyo. Waombolezaji wakawa wanainama kuitazama, kisha wanamtazama Felisita kwa huruma, kana kwamba ameishi na mtu mkali sana. Usiku ule hakulalamika juu ya kitu kingine chochote. Alisema tu, "Yule si yeye," na akaapa kwamba mwaka ukitimia hatatoa tangazo kwa picha ile, hata ikibidi pabaki peupe.

Kompyuta yako hakuigusa. Aliifunika kwa kitambaa cha meza, akafunga chumba. Mwezi uliopita akachoka kuiona imekaa kama maiti nyingine ndani ya nyumba, akakubaliana na Danford, kijana anayepiga muziki harusini, kwamba Jumamosi aje aichukue, aifute yote, aweke nyimbo zake.

Alhamisi, siku mbili kabla, ukapigwa hodi.

Alikuwa mama mtu mzima, vumbi la safari limempaka mpaka kwenye nyusi, ameshika mkono wa binti wa miaka sita hivi.

"Mwadila, ng'wanone," akasalimia, akimwita Felisita mwanangu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu," Felisita akaitikia, naye akimwita mama. "Karibuni mketi."

Alijitaja kuwa Nyanjige wa Bukundi, kule Meatu, na mtoto ni mjukuu wake, Nyamizi. Alikuwa hajui kama umefariki. Felisita alipomwambia, akavua kandambili zake, akaziweka pembeni kama aliyeingia msibani. Kisha akafungua pindo la khanga akatoa picha. Shuka la bluu. Mtoto wa miezi minane, mdomo wazi, hana jino hata moja.

"Huyu hapa ndiye yeye," akasema, akimgusa Nyamizi kichwani. "Mama yake alikuwa mwanangu Joyness. Alikuwa anapika wali pale stendi yenu. Akaugua, akarudi nyumbani, akatufia. Simu yake ilikuwa imeharibika, kila kitu kikaenda nayo. Mtoto hamkumbuki mama. Aliniuliza, 'Bibi, hivi vidole ni vya nani?' Nikasema ni vya mama yako. Basi kila akilala anavibusu."

Felisita akaitazama picha. Pale kwenye vidole viwili karatasi ilikuwa imechujuka, imekuwa nyeupe.

"Nimekuja kumwomba mzee," Nyanjige akaendelea. "Labda alimpiga hata kidogo huyu mama. Hata kisogo. Januari mtoto anaanza shule. Wenzake watasema mama yangu yuko hivi, mama yangu yuko vile. Yeye aseme nini? Mama yangu ana vidole?"

Felisita ametuambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoikumbuka ile kompyuta. Alikuwa amebakisha siku mbili tu kuifuta mashine ile. Akatoka mpaka barabarani akimwita binti yake Flora, aliyekuwa amekuja nyumbani kwa likizo, kwa sauti iliyowafanya majirani wadhani nyoka ameingia ndani.

Wakafungua chumba, Flora akafunua kitambaa, akawasha. Kompyuta ikanguruma, ikafikiri, ikafunguka. Na yakaanza kushuka hayo majina yako ya ajabu, kurasa kwa kurasa. Bibi kadondosha kibuyu. Ng'ombe kapiga chafya. Hakuna Nyamizi, hakuna Joyness.

"Mama, tutafungua moja moja mpaka Krismasi," Flora akasema.

"Hutafungua moja moja. Bibi, huyu mtoto anachekea nini?"

Nyanjige akashangaa. "Anachekea nini? Kama watoto wote tu."

"Hapana, mayu. Kile kinachomwangusha chini kabisa."

Nyanjige akafikiri. Kisha akaanza kutabasamu kabla hajasema. "Kwikwi. Mtu akipata kwikwi huyu hafai. Juzi katekista kaipata katikati ya sala, nikamtoa nje nimemziba mdomo."

Nyamizi akaficha uso kwenye khanga ya bibi yake. Mabega yalikuwa yanatikisika tayari.

Flora akaandika. Zikaja folda tatu: Kwikwi ya mwanzo, Kwikwi ya msimu wa choroko, Kwikwi ya stendi.

"Stendi!" wakasema wote kwa pamoja.

Akafungua. Shuka la bluu. Mdomo wazi usio na jino. Vidole viwili. Ilikuwa ileile, ila kubwa zaidi.

Chumba kikanywea. Nyanjige aliitazama kwa adabu, kama mtu aliyepewa zawadi ambayo tayari anayo. "Hii tunayo," akasema taratibu. "Wabeja, ng'wanone. Asanteni, mmejitahidi." Akaanza kutafuta kandambili zake kwa mguu.

Lakini Nyamizi hakuwa ameaga. Aliona vidole vya mama yake vimekuwa vikubwa kama ndizi, akasogea kuvibusu kama kawaida yake. Akainama juu ya meza, kiganja kikakandamiza vitufe, na picha ikaruka.

Ikaja nyingine. Chini yake umeandika: Kwikwi ya stendi, mwenye mikono.

Shuka limevutwa chini, limemwangukia mapajani. Na juu yake ni mwanamke, jasho linamtiririka, nywele zimesimama upande mmoja, mwanya mdogo kati ya meno ya mbele, anacheka mpaka macho yamepotea.

Nyamizi alitazama, akagusa meno yake mwenyewe ya mbele, akageuka.

"Bibi. Ana mwanya wangu."

Nyanjige akapiga kigelegele. Si kilio, Baba Flora, kigelegele kabisa, cha harusi, jirani akaja mbio na mwiko mkononi. Akakaa sakafuni, akainuka, akakaa tena. "Joyness! Jamani si huyu hapa! Joyness, kumbe ulikuwa humu!"

Kumbe mchezo wako ndio ulikuwa huo. Baada ya picha ya mtoto, mama akijifunua anatweta kwa joto, ulibonyeza moja zaidi. Wao walisema, "Usinitolee hiyo, mzee, nimeharibika," nawe ukaitika ndiyo, hukuitoa, lakini hukuifuta. Umezitunza zote. Kila mtoto na mwenye mikono wake.

Na hapo ndipo tunafika kwenye habari yetu tuliyokuahidi.

Wengine wote walikuwa wanamtazama Joyness. Felisita peke yake alikuwa amesogea mpaka pua inakaribia kioo cha kompyuta. Maana shuka lilipovutwa kutoka kwenye waya, lilifunua na kile kioo cha saluni kilichokuwa nyuma yake. Na ndani ya kioo, juu ya bega la Joyness, kuna mwanaume amebana kamera kifuani. Amevimbisha mashavu, macho kayatoa kama chura, bega moja liko juu kwa kwikwi ya uongo.

"Flora," Felisita akasema. "Fungua nyingine."

Chafya, mwenye mikono. Uko kwenye kioo, pua imekunjamana, unakaribia kupasuka. Mzee kakalia mwiba, mwenye mikono. Uko kwenye kioo, umeshika makalio. Kanga anakohoa, na manyoya mawili umeyachomeka masikioni. Zote, Baba Flora! Mamia kwa mamia! Mwaka mzima tunalia kwamba hatuna uso wako, kumbe umekaa chini ya kitambaa cha meza unatufanyia vichekesho! Mkeo alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akalia, kisha akacheka tena akasema, "Huyu sasa ndiye yeye. Huyu ndiye mpumbavu wangu."

Danford alifika Jumamosi na mkokoteni. Felisita akamkuta mlangoni.

"Mwanangu, tafuta nyingine. Hii ina mume wangu ndani."

"Mama, lakini tulikubaliana."

"Tulikubaliana kabla hajarudi."

Danford akaingia kuona. Dakika tano baadaye alikuwa anamtafuta mama yake humohumo, na akampata, kwenye Jogoo mwoga. Mkokoteni ukarudi mtupu, yeye mwenyewe akiusukuma huku akicheka.

Sasa chumba kimefunguliwa. Flora anakuja kila Jumamosi kutoka Mwamanyili anakofundisha, na akina mama wanapanga foleni wakiwa na watoto waliokwisha kuwa warefu kuliko wao. Anawauliza swali moja tu: alikuwa anachekea nini? Wenye kukumbuka wanaondoka na picha. Wasiokumbuka wanakaa kwenye benchi wanakumbushana, na kelele zao zinafika sokoni. Nyamizi ya kwake ameishonea mfuko wa kitenge. Hiyo ndiyo atakayoenda nayo shuleni Januari.

Picha yako iliyo juu ya tangazo hili ndiyo ile ya kwenye kioo, wasomaji msishangae mashavu. Imekatwa kutoka Kwikwi ya stendi, mwenye mikono. Pembeni, upande wa chini, mtaona vidole viwili vya Joyness vimeshika kipande cha shuka la bluu. Fundi alituambia anaweza kuviondoa ili picha iwe safi. Felisita akasema viachwe, maana ndivyo vilivyokufunua.

Unakumbukwa na mkeo Felisita. Watoto wako Flora na Luhende. Dada yako Anna wa Mwamanyili. Mdogo wako Shija na familia yake. Pamoja na Nyanjige na Nyamizi wa Bukundi, ambao sasa ni ndugu zetu na Krismasi wanakula kwetu.

Kukusahau hatungeweza hata zamani. Sasa ndiyo kabisa: kila kwikwi ikimpata mtu nyumbani humu, wewe ndiye unayetajwa wa kwanza.