Majani Niliyoyafagia Loresho

Na sikumaliza kukujibu, Mama, maana simu ilikatika pale uliponiuliza kama Wafula huwa ananikasirikia. Sasa nimekaa niandike vizuri. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na Baba anakula vyema. Sisi ni wazima, na ndoa ni tamu kuliko mlivyonionya.

Unajua Wafula anatunza boma la Mama Mutua, nasi tunakaa kwenye nyumba ndogo ya nyuma. Aliomba uwanja ule wa nyuma apande chakula. Mama Mutua alimpa msimu mmoja tu: asipoona cha maana, anarudisha nyasi zake. Basi mume wangu akapanda kwa akili. Kunde chini ya mipapai, vitunguu katikati ya sukuma wiki kufukuza wadudu, maji yetu ya kuoga yanaelekea kwenye migomba. Jioni nikitoka dukani mjini, hunishika mkono akanitambulisha kwa kila mche kana kwamba ni shemeji zangu.

Jumamosi moja alienda Dagoretti Corner kutafuta miche. Nami nikafagia, kama ulivyonifunza mke mpya afanye. Nilifagia uwanja mzima hadi katikati ya mboga, nikazoa majani makavu yote, nikayachoma. Kumbe Wafula ndiye aliyeyatandaza, udongo usikauke. Aliporudi jua lilikuwa limepiga na sukuma imelala chini. Nililia, Mama. Nilijua ufagio wangu umetupotezea shamba.

Alinitazama, akaangalia mboga, akacheka taratibu. "Nekesa wangu, nimeoa mtu msafi. Leta magunia twende."

Huku Loresho watu huweka majani nje ya lango yakatupwe. Tulipita lango kwa lango tukiyaokota. Askari mmoja wa lango akatuuliza, "Sasa nyinyi, hanimuni ndio hii? Wenzenu wako Mombasa, nyinyi mnaokota taka?"

"Mombasa hakuna majani matamu hivi, mzee," Wafula akamjibu, akanitwika gunia lingine.

Tukafunika udongo upya, tukamwagilia. Kila asubuhi nilichungulia kabla hata ya chai. Sukuma ziliinuka polepole, kunde zikatambaa kila mahali. Jumapili iliyopita Mama Mutua alitoka kanisani akaingia shambani na viatu vyake vizuri, akachuma kunde mwenyewe kama yuko kwao Ukambani. Jioni alikuja mlangoni kwetu.

"Nyasi haziliwi," alisema. "Pandeni mpaka kwa geti."

Mpaka kwa geti, Mama. Wafula aliniinua juu mbele yake bila haya.

Nisalimie Baba, dada Nafula aliyenishonea gauni la harusi, na nyanya yangu Kukhu, anayetuombea kila siku. Shamba sasa ni kubwa na mbegu hatuna, kwa hiyo tuwekee za mboga zetu za kienyeji, saga na mrenda. Tunakuja kuzichukua, mimi na mkweo, kabla mwezi huu haujaisha.

Binti yako mwenye furaha,
Nekesa