Bwana Wimbi, Leo Lango Linaangushwa Tena

Mwaka mzima umepita, Bwana Wimbi, tangu mfereji ulipokuchukua, na nyumbani kwako bado hakuna anayefungua bomba la maji mpaka mwisho. Mkeo hataki. Anajaza ndoo kwa mchirizi mwembamba, anasimama kando, anaisikiliza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Wenzako wa chuoni wanakukumbuka kwa maabara na lile tangi lako refu la vioo. Sisi tunakukumbuka kwa bomba ulilolipasua katikati ukalilaza koridoni, ukalijaza maji, tukawa tunaliruka kwenda chooni. "Hii ni nyumba au chuo?" mkeo alikuwa akifoka. Nawe unacheka, unashika kibao chako cha kusukumia maji, unasema, "Kaeni pembeni, mgeni anapita." Hukuwahi kusukuma kibao kabla ya kusema hivyo. Kinundu kimoja cha maji kiliondoka peke yake, hakipungui wala hakivunjiki, mpaka mlangoni.

"Mawimbi mengine yanatawanyika kama watu waliotoka msibani," ulimwambia binti yako angali mdogo. "Hili kila likitaka kutawanyika linajibana tena. Nguvu mbili zimelingana. Ndiyo maana halichoki."

Mtoto alipiga makofi. Mkeo aliuliza litasimamishwa na nini, nawe ukashika tena kibao.

Siku ile mnyororo ulioshikilia lango la mfereji ulikatika, lango likaanguka kwa kishindo. Walinzi waliona maji yametulia mbele yao, wakadhani yamekwisha. Wewe ndiye uliyeona kinundu kikiondoka kurudi juu, kinyume na mkondo, kuelekea darajani, ambako mafundi walikuwa ndani ya maji wakiziba nyufa. Ulikimbia ukingoni na viatu vyako vya kazini, ukipiga kelele zilezile za koridoni: mgeni anapita! Kwanza walicheka. Kisha wakauona uso wako. Fundi wa mwisho ulimsukuma juu kwa mikono yako, na wewe hukuwahi kupanda.

Sasa tukupe habari ambayo tumekuwa tukiogopa kukueleza. Binti yako amerithi kibao chako na kazi yako. Leo asubuhi lango litaangushwa kwa makusudi, mfereji ukiwa hauna mtu, ili ijulikane wimbi la namna ile linafika wapi na vibao vya onyo viwekwe panapostahili. Yeye atasimama darajani, palepale, kamba kiunoni, alipime likipita chini yake.

Mkeo alikataa katakata. "Maji yameshakula mmoja humu ndani. Hayajashiba?"

"Mama, lile wimbi halikumtafuta baba. Halimtafuti mtu yeyote."

"Hilo ndilo linalonitisha, mwanangu. Lingekuwa linatafuta mtu, ningeliita lije kwangu."

Binti yako alimshika mkono. Alimwambia kwamba wapo mafundi wengine, na watoto wao, na mnyororo mwingine utakatika siku moja. Unamjua, akishaamua ameamua. Amefanana nawe hata kwa ukaidi.

Basi jana mkeo aliichukua ile kamba mwenyewe. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Dada yako hajagusa chakula tangu jana, naye unajua asivyokosa sahani. Tunaogopa, ndugu yetu. Hatuoni haya kulisema gazetini.

Na wewe msomaji ambaye njia yako leo inapita kando ya mfereji, usishuke ukingoni hata ukiona maji yametulia. Hasa ukiona yametulia. Kaa pembeni, mgeni anapita.

Bwana Wimbi, kama huko uliko kuna anayekusikiliza, mwombe wimbi lipite tu, liende zake, lisimguse mwanao.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye leo atafika mferejini kwa mara ya kwanza tangu siku ile, dada yako, shemeji zako, yule fundi wa mwisho, ambaye siku hizi ni mtu wa nyumbani, na binti yako. Siku zote utakuwa mioyoni mwetu. Tunachoomba ni kwamba mwakani tangazo hili liwe bado na picha moja tu, yako.