Kadi za Wagonjwa Ziko Mjini

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na sina hamu ya kuonana na mtu.

Kadi ya Asumini imefika leo. Tumemzika juzi.

Niandike ukweli, maana humu hakuna wa kumdanganya. Mwaka jana, tulipohamia kijiji hiki cha ujamaa huku kando ya Mto Ruvuma, kijiji kilikutana kuamua kadi za wagonjwa zikae wapi. Bwana mkubwa wa afya alitaka zipelekwe Mtwara mjini, kwenye makabati ya chuma. Hapa kuna mchwa, alisema, na mabomu ya Wareno ng'ambo ya mto. Balozi wetu wa nyumba kumi akasimama: "Mgonjwa akae huku, habari zake zikae Mtwara? Hapana, ndugu. Tutachonga sanduku, daktari akae nalo."

Watu wakanigeukia mimi, mganga wa zahanati. Nikasema mjini ndiko kwenye usalama. Nilikuwa natafuta sifa kwa yule bwana, basi.

Nilizipata. Alinipa mkono mbele ya watu wote.

Wiki mbili zilizopita Asumini aliletwa na jeraha la jembe mguuni, limeoza, homa kali, hajitambui. Zahanati ilikuwa na dawa mbili za kufaa: sindano za penisilini na vidonge vya salfa. Wifi yake, Somoe, akanishika mkono.

"Daktari, dawa moja ilimdhuru huyu. Uliandika mwenyewe kwenye kadi, kwa wino mwekundu. Dawa gani ile?"

Sikukumbuka. Nimetibu vijiji vitatu, nitakumbukaje? Wino mwekundu nautumia kwa dawa ambayo mtu hatakiwi kupewa tena maishani. Kadi zenye wino huo hazikufika ishirini. Ningeweza kuzinakili kwenye daftari la shule kabla hazijapakiwa kwenye lori. Asubuhi moja tu ingetosha. Nilikuwa mvivu.

Nikatuma mtu mjini kwa miguu aifuate kadi, kwa kuwa barabara ilikuwa imekatika. Homa ikazidi kupanda. Nikaogopa sindano, kwa sababu penisilini ikimkataa mtu humwua papo hapo. Nikampa salfa.

Siku ya tatu ngozi ikaanza kubambuka, midomo ikajaa malengelenge. Nikaacha vidonge, nikahamia kwenye sindano. Nilikuwa nimechelewa.

Leo nimeifungua kadi. Mwandiko ni wangu, wino mwekundu: "Asipewe salfa."

Imebanwa pamoja na barua fupi ya ofisi: "Irejeshwe mjini baada ya matumizi."

Matumizi gani, jamani?

Nimeichana barua. Kadi hairudi. Mumewe anaamini ni jeraha lililomwua, na jana alinishukuru kwa kuhangaika. Alinishukuru! Kesho asubuhi nitakwenda nayo msibani, nimsomee mstari huo mwekundu, kisha nimwambie nani aliuandika na nani alitoa vidonge.